Dawa Niliyoikataza

Daftari la matibabu la yaya wangu, dada yangu mkubwa, ninalo mimi. Nimelificha chini ya vikwembe vyangu, vitenge ninavyojifunga, mahali ambapo mama hawezi kulifikia, ingawa mama hajui kusoma. Kwenye ukurasa wa mwisho kuna herufi tatu kubwa nilizoziandika kwa mkono wangu na kuzipigia mstari: RAS. Ndivyo sisi wauguzi wa huku tunavyoandika, kwa Kifaransa, tukitaka kusema hakuna la kutaja, mgonjwa hana kitu. Yaya alikuwa nacho. Nami, muuguzi wa miaka mingi hapa Kasongo, mtu ninayeogopwa kwa ulimi wangu hata na wauza dawa wa sokoni, ndiye niliyemwambia hana.

Nianze na kukonda kwake, maana yote yalitoka huko. Yaya aliolewa Kabambare na mfanyabiashara anayepeleka sabuni, chumvi na betri kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila. Mume mwema, sina neno naye. Yaya alitoka kwetu akiwa mwanamke wa kujaza mlango, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Baada ya mtoto wa tatu mwili ukaanza kumtoka. Anakunywa maji hayamtoshi, anakojoa hamalizi, kikwembe kinamzunguka mara mbili na bado kinashuka.

Sasa, huku kwetu mwanamke aliyeolewa akikonda, watu hawasemi anaumwa. Wanasema mawili: mumewe hamlishi, au mumewe amemletea ule ugonjwa. Na mume anayelala Salamabila nusu ya mwezi, mnategemea watu wachague lipi? Majirani wakaanza kumsalimia kwa sauti ya chini, ya huruma, sauti inayochoma kuliko tusi. Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, ambaye wanakaa ua mmoja, akatenga kikombe. Siku moja tu yaya alikuta kikombe chake cha chai kimewekwa peke yake, juu ya dirisha, mbali na vingine.

Nilipompima nikakuta sukari. Nitasema kweli: nilifurahi. Nilimkumbatia pale pale kwenye benchi, nikamwambia, "Yaya, ni sukari tu, si ile nyingine!" Nikampa vidonge, nikamfundisha kula, nikamrudisha Kabambare na maneno ya kumwambia kila mtu. Alimwambia kila mtu. Hakuna aliyemwamini. Kwao sukari ni ugonjwa wa wakubwa, watu wa tumbo na gari. Mwanamke mwembamba hivi awe na sukari? Wifi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole, muke wa kaka," na kikombe kikabaki dirishani.

Nusu mwaka haukupita, yaya akashuka kwenye moto, pikipiki ya abiria, mbele ya nyumba ya mama, nami sikumjua. Mashavu yamejaa, shingo imejaa, tumbo liko mbele. Mama alipiga kigelegele barabarani. Wanawake wakatoka kwenye nyua zao: "Mwili umerudi! Mwili umerudi!" Yaya anacheka, anageuka huku na huku wamtazame. Alinifinya mkono akaninong'oneza kwamba wifi amemrudishia kikombe.

Lakini sukari yake ilikuwa imepanda kuliko mwanzo. Niliongeza vidonge, ikapanda. Nikaongeza tena, ikakataa kushuka. Nikaanza kumgombeza. Ni wali, ni mawese, ni ndizi unazokaanga ukijificha, weye yaya ni mtoto mdogo? Aliapa kwamba anakula kama nilivyomwambia. Sikumwamini hata kidogo. Niliona mikono yake ina alama nyeusi kama aliyepigwa, na ngozi imekuwa laini kama ganda la kitunguu. Niliona miguu imebaki miembamba wakati tumbo linakua. Nilimwosha mgongo siku moja nikaona michirizi ya rangi ya divai ubavuni. Niliviona vyote hivyo, na kila mara nilifikiria chakula.

Ndipo akaja yule daktari kutoka mjini. Alikuwa mtu mpole, mwenye sanduku la baridi na barua kutoka juu, akatukusanya wauguzi chini ya paa la bati la kituo chetu. Alitueleza kwamba kuna watu wa sukari ambao sukari yao haishuki kwa sababu ya kitu kingine kinachoisukuma. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo zinazotengeneza kortizoli, maji fulani ya mwili ya kumsaidia mtu asimame asubuhi, apambane na homa, avumilie njaa. Ikizidi, uso unajaa, tumbo linakua, ngozi inachubuka, sukari inapanda. Kipimo chake ni rahisi: mgonjwa anameza kidonge kimoja kidogo saa tano ya usiku, na saa mbili asubuhi anatolewa damu. Kile kidonge kinaziambia tezi zinyamaze. Zikinyamaza, namba inakuwa ndogo, na huyo ni mzima. Zisiponyamaza, namba inakuwa kubwa, huyo ana ugonjwa, na tumpigie yeye daktari simu.

Akiwa anasema "uso unajaa", mimi tayari nilikuwa nimemwandika yaya kichwani.

Akatuonya jambo moja, na akalirudia. Kila mtu aulizwe peke yake, bila ndugu, kama anakunywa dawa nyingine, anapigwa sindano au anajipaka mafuta ya kung'arisha ngozi. Anayetumia asipimwe, maana kipimo kitadanganya. Niliandika hilo, ninalo mpaka leo.

Yaya alikuja kupimwa na wifi yake. Mgonjwa wa kwetu haji peke yake, anakuja na mtu wa kumlinda, na huyo anaketi ndani, anashika mfuko, anajibu maswali. Ukimwambia wifi atoke nje, umemwambia kwamba wewe na mke wa kaka yake mna siri. Huo ni ugomvi wa familia mbili. Na nje watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani, wananiita. Basi nikamwacha akae.

Nikauliza, "Kuna dawa nyingine unakunywa? Vidonge, sindano, mafuta?"

Wifi akanidakia. "Dawa gani tena? Huu mwili unaouona ni bugali na samaki wa kaka yangu. Hajanyimwa kitu."

Yaya alitazama vidole vyake vya miguu. "Hakuna," akasema.

Nikaandika hakuna. Nikampa kile kidonge kwenye karatasi. Alikigeuza kwenye kiganja, kidogo, cheupe, akacheka kicheko kifupi ambacho sikukielewa.

"Ni hiki tu?"

"Ni hicho tu. Usikisahau."

"Siwezi kusahau," akasema.

Majibu yalikuja baada ya majuma mengi. Namba ya yaya ilikuwa ndogo kuliko za wote, chini kabisa ya ule mstari daktari aliotuwekea wa kutenga wazima na wagonjwa. Nilikaa nikashukuru Mungu kwa sauti. Daktari alishakwenda sehemu nyingine, na alisema tumpigie kwa walio juu ya mstari tu. Nikafungua daftari la yaya, nikaandika RAS, nikapiga mstari.

Alikuja peke yake safari hiyo kuchukua majibu, akakaa kwa mama juma moja. Siku ya tatu nilikuwa nafua vikwembe vyake mtoni. Kwenye pembe ya kimoja nikakuta fundo, pale wanawake tunapofunga vitu vyetu vidogo. Nilifungua ili kilichomo kisilowe. Ndani kulikuwa na kipande cha plastiki, na ndani ya plastiki vidonge vidogo vyeupe, zaidi ya ishirini. Nilivijua hata kabla sijaviinua kwenye mwanga. Ni kama kile kile nilichompa kwenye karatasi.

Nilipanda kutoka mtoni na nguo zinanitiririka. Yaya alikuwa anachambua mchele uani. Nilimtupia plastiki kwenye ungo.

"Nini hii?"

Hakukana. Alisema ni vidonge vya mwili. Kuna mama mmoja sokoni Kabambare anaviuza, wanawake wengi wanakunywa, mabibi harusi wanapewa miezi miwili kabla ya siku yao. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Alikuwa hajaacha tangu siku zile za kukonda, karibu miaka miwili.

Mimi ni mtu wa hasira, kila mtu wa Kasongo atakuambia. Lakini siku ile nilipitiliza. Nilimwita mjinga. Nilimwita mwuaji wa nafsi yake. Nilimwambia hii ni deksa, ile ile dawa ya kipimo, inafanya kazi ya kortizoli mwilini, ndiyo inayopandisha sukari, mimi nazunguka na vidonge kukutafutia dawa na weye unakula sumu ili wifi akupe kikombe!

Akaweka ungo chini. Hakupaza sauti. "Weye hukukaa kwenye ule ua," akasema. "Weye hukuona watoto wangu wanakatazwa kunywa maji niliyobakiza kikombeni. Sukari haionekani, mudogo wangu. Kukonda kunaonekana."

Nilichukua plastiki nikaenda nayo chooni. Alinifuata anakimbia, mtu aliyekuwa anahema akipanda ngazi mbili, akanishika kifundo cha mkono kwa mikono yote. Maneno yake nayakumbuka kama yalivyo, na ningetoa kitu chochote niyasahau.

"Nipunguzie pole pole. Sikatai kuacha. Lakini nikikosa siku mbili tu, mwili unavunjika, sufuria siwezi kuinua. Unipunguzie pole pole, nakuomba."

Nikamjibu, "Hiyo ni tamaa tu, kama ya mlevi."

Nikavitupa. Halafu, kwa sababu nilimjua, nikamwapisha. Nilimsimamisha mbele ya mama, nikamwambia aape kwa kaburi la baba kwamba hatanunua tena hata kimoja. Yaya akaapa. Katika sisi wote aliotuzaa mama, yeye ndiye asiyevunja kiapo, na ndiyo maana nilimtaka aape.

Alirudi Kabambare. Siku ya kumi na kitu hivi shemeji akapiga simu: yaya anatapika, hasimami, ana homa. Nikapanda moto asubuhi ile ile. Ilikuwa majira ya mvua, njia imekatika mahali pengi, tulibeba moto mabegani kwenye mito, tukalala kijijini, tukafika kesho yake adhuhuri. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kituo kidogo alikolazwa, matope mpaka magotini.

Muuguzi wa pale ni mzee, anapendwa, mtu aliyejifunza kazi kwa mazoea ya miaka mingi. Alikuwa amepima malaria akaikuta, ameanza dawa yake. Alikuwa ametundika serumu, yale maji ya mshipani. Presha ilikuwa chini sana, haipandi. Sukari nayo ilikuwa imeshuka, yaya wangu ambaye sukari yake sikuwahi kuiona chini! Nikajisemea ni vidonge vyake vya sukari amemeza bila kula. Nikasimamisha vile vidonge, nikaweka maji ya sukari. Kila kitu nilikuwa na jibu lake.

Yaya alifungua macho. Midomo ilikuwa imekauka. "Sijanunua," akaniambia. "Nimeshika kiapo."

"Najua, yaya. Vizuri. Lala."

Yule mzee alikuja na bomba la sindano mkononi. Alikuwa amevunja kichupa kimoja cha kioo na kuvuta dawa yake. Nikamwuliza ni nini.

"Deksa," akasema. "Huku kwetu tunaiweka kwenye kila serumu, inampa mgonjwa nguvu."

Nilijua hayo mazoea. Nimepigana nayo kazi yangu yote. Ukiwa na homa, deksa. Mgongo, deksa. Mtoto analia, deksa. Nimegombana na wauguzi mbele ya wagonjwa kwa sababu ya hicho kichupa. Na sasa mtu anataka kumtia yaya wangu, mgonjwa wa sukari, ile ile sumu niliyoitupa chooni! Nilimpigia kelele mzee wa umri wa baba yangu. Nilimwuliza kama anataka kumwua. Wagonjwa wengine waliinuka vitandani kutazama.

Hakubishana. Alisema, "Weye ndiye mukubwa, dada. Umetoka Kasongo." Akageuza bomba, akaimwaga ile dawa kwenye ndoo ya taka, mbele yangu, polepole, ili nione imekwisha.

Yaya alikufa asubuhi yake, jua limeshafika ukutani, mkono wake uko ndani ya mkono wangu. Presha haikupanda hata mara moja.

Tulimwosha sisi wanawake, mimi na wifi na wengine watatu. Walimgeuza kwa heshima. Mmoja akasema, "Tazameni, amekwenda na mwili wake wote. Mumewe alimtunza." Wenzake wakaitikia. Wifi alilia kwa uchungu wa kweli, sitamsingizia. Mimi nilimmiminia maji yaya wangu juu ya ile michirizi ya rangi ya divai. Watu walipouliza, nilisema malaria. Haikuwa uongo, na ilinisaidia kulala majuma kadhaa.

Yule daktari alirudi baada ya miezi. Alikuwa anapitia karatasi zake moja moja, akafika kwenye ya yaya, akakunja uso. Akaniuliza kama huyu mama tuna hakika hakuwa anakunywa deksa, maana uso umeandikwa umejaa na namba ni karibu na hakuna. Nilimweleza. Nilimweleza mpaka kwenye choo, ya Kabambare sikuyafikia.

Alivua miwani. Akaniambia kwamba mtu akiletewa hiyo dawa kutoka nje kila siku, zile tezi juu ya figo zinalala, kama mtu anayepikiwa kila siku asivyowasha jiko. Jiko lake limepoa. Ukimkatia ghafla, hana chake. Anavunjika, anatapika, presha inashuka, sukari inashuka. Akishikwa na malaria juu yake, amekwisha. Ni lazima apunguziwe kidogo kidogo, miezi, mpaka tezi ziamke.

Polepole. Yaya alilijua hilo bila shule. Mimi shuleni walinifundisha, lilikuwa kwenye daftari langu, nililikariri kwa ajili ya mtihani.

Nikamwuliza, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, "Na akishafika pale, presha imeshuka, unampa nini?"

"Bora ni dawa nyingine, lakini huku haipatikani," akasema. "Hata deksa yenyewe, ya sindano, ingemshika. Na maji. Deksa iko kila mahali."

Nilitoka nikaenda nyuma ya jengo, nikakaa chini kwenye udongo na blauzi yangu nyeupe. Mungu wangu, ilikuwa imeshavutwa bombani. Ilikuwa hatua moja kutoka kitandani.

Sikumwambia mtu. Nilianza tu kuwatoa ndugu nje ya chumba, kwa ukali, na wengi walinichukia. Nikawafungulisha wanawake mafundo ya vikwembe. Nilivikuta vile vidonge, nimevikuta mara nyingi, na sasa sivitupi chooni. Tunakaa tunapunguza nusu, robo, mwezi kwa mwezi. Nilifikiri hayo yatatosha.

Halafu mwendesha moto mmoja akaniletea salamu kutoka Kabambare, za yule muuguzi mzee. Anakushukuru, akasema. Anamwambia kila mtu kwamba dada wa Kasongo alimfundisha. Tangu siku ile hampi deksa mgonjwa wa sukari, hata ndugu wakilia.

Nilikaa na salamu hizo siku mbili bila kula. Kisha nikapanda moto.

Nilimkuta kwenye kituo, anapanga vichupa kwenye kabati. Alinipa kiti, akataka kuniletea chai, nikakataa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: vidonge, kiapo, tezi, ndoo ya taka. Nikamwambia siku ile yeye ndiye alikuwa na dawa na mimi ndiye nilikuwa mjinga. Nilimwomba msamaha. Nilimwambia kwamba mwanamke wa uso uliojaa, anayetapika, presha chini, ampe deksa, ampe haraka, asiulize mtu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alifunga kabati polepole. Akachukua kitabu cha wagonjwa juu ya meza, akarudisha kurasa chache tu, akakigeuza upande wangu na kuweka kidole kwenye mstari mmoja. Mwanamke, mgonjwa wa sukari, mke wa mchimbaji. Homa, kutapika, presha chini. Kwenye safu ya mwisho, alama ya msalaba. Na kwenye safu ya dawa, kwa mwandiko wake mzuri wa kizamani, alikuwa ameandika: *Deksa hapana. Amri ya dada wa Kasongo.*